Bakuli la Fakiri katika Kasri ya Mfalme

Miongoni mwa vitu vya kale vya Uchina vinavyotazamwa kwa mshangao mkubwa katika majumba ya makumbusho, yamo mabakuli ya mviringo yaliyochongwa kwa jiwe la thamani liitwalo jedi. Jiwe hilo ni gumu, laini kwa kuguswa, na mara nyingi ni la rangi ya kijani. Bakuli la namna hiyo halina mkono wala kifuniko. Tumbo lake limetuna, na mdomo wake umejikunja kidogo kuelekea ndani. Ubavuni pamechongwa Mabudha saba, kila mmoja ameketi kwa utulivu, na pamoja nao pameandikwa shairi lililotungwa na mfalme mwenyewe. Mfalme huyo ni Qianlong wa ukoo wa Qing, aliyekalia kiti cha enzi cha Uchina tangu mwaka 1735, akakiacha kwa hiari mwaka 1796, na kufariki mwaka 1799.

Mtazamaji mwenye haraka ataliona bakuli hilo kuwa ni pambo tu la kifalme. Hatakosea sana, lakini hatakuwa amefahamu jambo. Kwa umbo lake na kwa asili yake, bakuli hilo ni chombo cha kuombea chakula. Ni bakuli la fakiri. Basi imekuwaje chombo cha mtu asiye na kitu kikafanywa kwa jiwe ambalo ni matajiri peke yao walioweza kulipata? Na gharama ya jiwe hilo ilibebwa na nani? Maswali haya yanafaa kuulizwa na kila mtu aliyekabidhiwa amana ya umma, na kila mwananchi anayesimama mbele ya kitu kizuri akaambiwa kwamba hii ndiyo fahari ya kale.

Tuanze na sheria ya watawa wenyewe. Katika dini ya Kibudha, mtu aliyeingia utawani huacha mali zake zote. Mapokeo yanamruhusu kumiliki vitu vinane tu: nguo tatu, bakuli, wembe, sindano, mshipi, na chujio la maji. Kila asubuhi hutoka na bakuli lake, akapita kimya mbele ya nyumba za watu, akapokea atakachopewa. Hachagui wala hadai. Kwa hiyo bakuli ni kitu kikubwa kwake kuliko chombo cha kulia tu. Ni alama ya zuhudi yake, na ni ushahidi kwamba maisha yake yako mikononi mwa wenzake.

Kwa sababu hiyo, sheria ya kale ya watawa haikuliacha jambo la bakuli likaamuliwa na matamanio ya mtu. Ilikataza waziwazi mabakuli ya dhahabu, ya fedha, ya vito, ya bilauri, ya shaba, na ya madini mengine kadhaa. Zilizoruhusiwa ni namna mbili peke yake: bakuli la chuma na bakuli la udongo. Walioiweka sheria hiyo waliyajua maradhi ya moyo wa binadamu. Walijua kwamba mtu aweza kuacha nyumba na shamba, kisha akaanza kujivunia bakuli.

Ipo pia hadithi ambayo Wabudha wameisimulia kwa karne nyingi. Husimuliwa kwamba baada ya Budha kupata nuru, wafanya biashara wawili walimletea chakula, naye hakuwa na chombo cha kukipokelea. Wakatokea wafalme wanne wa mbinguni, walinzi wa pande nne za dunia, kila mmoja akamtolea bakuli la dhahabu. Akakataa, akisema kwamba halimfai mtu aliyeuacha ulimwengu. Wakaleta ya fedha, kisha ya vito vya namna kwa namna. Yote akayakataa. Mwisho wakaleta mabakuli manne ya jiwe la kawaida. Hayo akayakubali yote, asije akamvunja moyo hata mmoja wao, akayabana pamoja yakawa bakuli moja. Katika hadithi hiyo hakuna neno linaloweza kufasiriwa kuwa ni idhini ya kumtengenezea Budha bakuli la kito. Hata hivyo, ndivyo ilivyotendeka.

Qianlong hakuwa mtu asiyeijua dini hiyo. Watawala wa Qing walikuwa Wamanchu kutoka kaskazini-mashariki. Waliitawala milki iliyokusanya Wachina, Wamongolia, Watibeti, na mataifa mengi mengineyo, nao waliiunga mkono dini ya Kibudha ya mapokeo ya Kitibeti kwa imani na kwa siasa pamoja. Mwaka 1744 Qianlong aliligeuza jumba alimokaa baba yake mjini Beijing kabla ya kutawala kuwa hekalu la watawa, nalo lingalipo hadi leo. Alisoma mafunzo ya dini kwa mwalimu mkubwa wa zama hizo, na alichorwa katika picha za ibada akiwa katika sura ya Manjushri, ambaye Wabudha humwona kuwa ni mwenye hekima isiyo na kikomo.

Mfalme huyu alifanya safari sita za kuyatembelea majimbo ya kusini. Katika mji wa Suzhou lilikuwako hekalu lililohifadhi bakuli la kale la jiwe, ambalo waumini waliamini kuwa ni lile lile alilolitumia Budha. Qianlong alilitazama, akalitungia shairi, na baadaye mafundi wa kifalme wakaamriwa kutengeneza mabakuli ya jedi kwa kulifuata. Mabudha saba waliochongwa juu yake ni wale ambao mapokeo yanawataja kuwa walikuja mmoja baada ya mwingine katika enzi mbalimbali, na wa saba ndiye Shakyamuni, anayejulikana zaidi kwa jina la Budha. Bakuli kama hilo halikukusudiwa kubebwa barabarani wala kutiwa wali. Lilikuwa ni kitu cha taadhima, cha kuwekwa mahali pa heshima.

Haitakuwa haki kusema kwamba yote hayo yalikuwa ni unafiki. Binadamu wa dini zote wamekitoa walicho nacho bora kabisa kwa ajili ya wanachokitukuza, na haifai kuuhukumu moyo wa mtu aliyekufa zaidi ya karne mbili zilizopita. Lakini nia ni jambo moja na gharama ni jambo jingine. Nia ya mfalme ilikuwa kifuani mwake. Gharama ilikuwa miguuni na mgongoni mwa watu wengine. Hao ndio wasiotajwa katika shairi.

Jedi bora ya Uchina haikuchimbwa Beijing wala Suzhou. Ilitoka maelfu ya kilomita upande wa magharibi, katika nchi kavu ya Khotan na Yarkand, chini ya milima ya Kunlun. Majeshi ya Qianlong yaliitwaa nchi hiyo mwaka 1759. Wenyeji wake walikuwa Waislamu wasemao lugha ya Kituruki, ambao leo huitwa Wauighuri. Tangu hapo jedi yao ikawa mali ya mfalme. Ilitolewa kila mwaka kama kodi, na mtu kujichukulia jiwe mwenyewe ikawa ni kosa.

Maandishi ya Kichina ya zama hizo yanaeleza namna kazi ilivyofanyika mtoni. Wenyeji waliozoea kazi hiyo walipangwa safu moja, watu ishirini au thelathini bega kwa bega, wakaingia majini bila viatu. Walitembea polepole wakiyapapasa mawe kwa nyayo, kwa kuwa mzoefu aliweza kuitambua jedi kwa mguu. Kila mtu alipoinama kuokota, askari aliyekuwa ukingoni aligonga upatu mara moja, na ofisa akatia nukta nyekundu kwenye karatasi. Walipotoka majini, mawe yalihesabiwa ili yalingane na nukta. Na maji yale, yafaa ikumbukwe, hutokana na barafu iyeyukayo milimani.

Palipo na mali ya kulindwa namna hiyo, majaribu hayako mbali, na mara nyingi humfikia kwanza yule aliyepewa ulinzi. Ofisa mmoja wa Kimanchu aitwaye Gao Pu alipelekwa Yarkand kusimamia mambo ya serikali. Hakuwa mtu mdogo: alikuwa wa jamaa kubwa, na shangazi yake alikuwa mmoja wa wake wa Qianlong. Gao Pu aliwalazimisha wenyeji zaidi ya elfu tatu kwenda kuchimba jedi milimani, akawatoza watu mali, na mawe mengi akayapeleka kwa siri kuuzwa katika miji ya mashariki, Suzhou ikiwa mmojawapo. Wenyeji walivumilia mpaka kiongozi wao mmoja alipopeleka malalamiko kwa ofisa mwingine wa ngazi ya juu. Habari zikamfikia mfalme. Mwaka 1778 Gao Pu aliuawa kwa hukumu, wala ujamaa wake na mke wa mfalme haukumwokoa.

Hukumu ile ilisifiwa, na yapo mafunzo ndani yake kwa kila mwenye cheo. Lakini tuitazame kwa macho mawili. Gao Pu aliadhibiwa kwa sababu aliwadhulumu watu, na vile vile kwa sababu aliiba jiwe la mfalme. Baada ya yeye kufa, jiwe lilibaki kuwa la mfalme, na wenyeji waliendelea kuwa wachimbaji. Kumwondoa mwizi ni jambo jema, lakini hakubadilishi peke yake utaratibu unaowafanya wengi wachimbe na mmoja amiliki.

Jiwe lilipofika kwa mafundi, ilianza safari nyingine ya jasho. Jedi haikatwi kwa kisu. Kisu cha kawaida hakiachi alama juu yake. Fundi aliketi mbele ya kerezo, akaiendesha kwa kukanyaga kwa miguu mfano wa mshoni kwenye cherehani, na kisahani cha chuma kikazunguka. Chuma hicho nacho hakikulikata jiwe. Kilichokata ni mchanga mkali uliochanganywa na maji, uliokuwa ukitiwa bila kukoma na kulisaga jiwe kidogo kidogo. Kulifukua tumbo la bakuli lenye mdomo mwembamba kulihitaji kutoboa kwa bomba, kuvunja kiini cha katikati, kisha kusaga kutokea ndani mahali ambapo jicho halioni vizuri. Kosa moja la mkono liliweza kuharibu kazi ya miezi mingi, na jiwe halishonwi.

Kama msomaji anataka kipimo cha kazi hizo, atazame jabali la jedi lililochongwa kwa amri ya mfalme huyo huyo, lililomo hadi leo katika Jumba la Makumbusho la Kasri ya Beijing. Lina urefu wa zaidi ya mita mbili na uzito wa tani tano hivi. Lilitolewa katika milima ya Yarkand, likaburutwa kwa miaka hadi Beijing, likapelekwa Yangzhou kuchongwa, na kurejeshwa mji mkuu mwaka 1787. Michoro yake inamwonyesha Yu, mtawala wa kale, akiwaongoza watu kuzuia mafuriko. Jina la mfalme aliyetoa amri linajulikana na kila mtu. Majina ya mafundi na waburutaji hayakupata nafasi katika jiwe lile.

Qianlong alipofariki mwaka 1799, mwanawe Jiaqing alitoa amri ambayo inasema mengi kuliko mashairi. Palikuwa na mawe makubwa ya jedi yaliyokuwa njiani, yakivutwa kuelekea mashariki kwa taabu kubwa. Mfalme mpya akaamuru yaachwe hapo hapo yalipofika. Bila shaka waliokuwa wakiyavuta walishusha kamba zao kwa furaha.

Sasa tuje katika sura ya pili ya hazina hizi. Mwaka 1856 Uingereza, ikifuatwa na Ufaransa, iliishambulia tena Uchina katika vita ambavyo historia inaviita Vita vya Pili vya Kasumba. Neno kasumba, ambalo sisi tumezoea kulitumia kwa fikra mbovu zilizopandikizwa na mkoloni, hapa lina maana yake ya asili: ulevi uliozalishwa India chini ya Waingereza na kupenyezwa Uchina ili wafanya biashara wapate faida. Mnamo Oktoba 1860 majeshi ya nchi hizo mbili yalifika Yuanmingyuan, makazi ya kifalme yenye mabustani na majumba mengi nje ya Beijing. Mfalme wa wakati huo, Xianfeng, alikuwa amekwisha kukimbia.

Kuanzia tarehe 7 Oktoba askari na maofisa waliingia humo wakapora. Kwa upande wa Waingereza vitu vingi vilikusanywa vikapigwa mnada papo hapo, na fedha zikagawanywa jeshini kwa kufuata vyeo. Tarehe 18 Oktoba, kwa amri ya Lord Elgin, majumba yakatiwa moto. Sababu iliyotolewa ni kulipiza kisasi kwa watu wao waliokamatwa wakifuatana na ujumbe wa mapatano, ambao baadhi yao walikufa kifungoni kwa mateso. Vifo hivyo vilikuwa kweli, na vilikuwa dhuluma. Lakini uporaji ulianza kabla ya kisasi kutangazwa. Na huyu Elgin alikuwa mwana wa yule Elgin aliyeng'oa michoro ya mawe ya hekalu la Parthenon huko Athens.

Kuanzia mwaka uliofuata, jedi, kauri, na shaba za kifalme zikaanza kuuzwa minadani London na Paris. Mwaka 1900 Beijing iliporwa tena, mara hii na majeshi ya mataifa manane. Ndivyo vyombo vya ibada vya wafalme wa Uchina vilivyotawanyika katika kabati za matajiri na majumba ya makumbusho ya nchi za mbali. Bakuli la kuombea sadaka likapata bei, na bei ikapanda.

Wachina wanapodai vitu hivyo virejeshwe, wanadai haki, wala hatuna sababu ya kuwa na shaka juu yake. Kilichochukuliwa kwa bunduki hakiwi halali kwa sababu kimefutwa vumbi na kuwekewa taa nzuri. Lakini haki hiyo isitufanye tuisahau haki nyingine. Aliyeporwa mwaka 1860 alikuwa mfalme. Na mfalme naye alikuwa amelipata jiwe kwa upanga na kwa kodi. Hadithi ya bakuli haikamiliki kwa kutaja mporaji wa mwisho peke yake. Yupo mtu wa mtoni, mguu wake ndani ya maji ya barafu, anayesubiri kutajwa.

Dunia imepiga hatua katika jambo hili, ingawa kwa mwendo wa kobe. Mwaka 1970 UNESCO ilipitisha mkataba wa kuzuia uingizaji, utoaji, na umilikishaji haramu wa mali za utamaduni. Tanzania iliuridhia mwaka 1977. Ufaransa ilingoja mpaka 1997 na Uingereza mpaka 2002. Mwaka 1978 Amadou-Mahtar M'Bow, Msenegali aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO, alitoa wito mkubwa wa kuwarejeshea watu urithi wao usio na badali. Lakini mkataba haurudi nyuma. Haugusi yaliyochukuliwa kabla ya nchi kujiunga nao. Ndiyo sababu kurejeshwa kwa vitu vya 1860 kumekuwa kukitegemea hisani na mapatano. Mwaka 2013 vichwa viwili vya shaba vya wanyama, kimoja cha panya na kimoja cha sungura, vilivyotoka Yuanmingyuan, vilirudi Uchina kama zawadi ya tajiri wa Kifaransa aliyevinunua. Mwenye mali kurejeshewa chake kwa jina la zawadi ni jambo la kutafakari.

Sisi wa pwani na visiwa si wageni wa mabakuli ya Kichina. Wazee wetu waliyapata kwa biashara ya bahari, wakayapachika katika kuta za misikiti na makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi. Si mabakuli ya jedi, ni ya kauri. Na hayakuwekwa hapo kwa ibada ya Kibudha, bali kwa heshima ya marehemu na nyumba ya Mungu. Katika magofu yetu mengi hayapo tena. Yamebaki matundu ya mviringo ukutani, yakionyesha mahali chombo kilipong'olewa. Katika sehemu nyingi hakuna daftari linalosema lini, na nani, wala kwa bei gani.

Hapo ndipo somo la bakuli la Qianlong linapotuhusu sana. Asiye na daftari hana dai. Serikali ya Uchina inaweza kuzungumza juu ya hazina zake kwa sababu, pamoja na mambo mengine, ofisi za wafalme wale ziliandika: jiwe lilitoka wapi, fundi aliamriwa nini, kazi ilikabidhiwa lini. Maofisa wetu wa mambo ya kale, masheha, na wenyeji wanaoishi jirani na magofu wanaweza kuanza na kazi isiyohitaji fedha nyingi: kuhesabu kilichobaki, kukipiga picha, na kuandika yale ambayo wazee wanayakumbuka. Na wanapoandika wasiishie kwa jina la sultani au liwali. Waandike pia waliochoma chokaa, waliobeba mawe, na waliojenga.

Budha wa hadithi alikataa dhahabu, fedha, na vito, akapokea jiwe la kawaida. Mfalme aliyemtukuza alichagua kito. Katikati ya uchaguzi huo mara mbili kuna maelfu ya watu waliochimba, waliovuta, na waliosaga, ambao hawakuulizwa kitu. Bakuli ni zuri, na uzuri wake ni wa kweli, kwa kuwa mikono iliyolifanya ilikuwa ya mafundi wa kweli. Kwa ajili ya mikono hiyo, popote litakapowekwa, London, Paris, au Beijing, karatasi iliyo pembeni yake ingefaa iongezwe mistari michache.